Kifungu Kisichokuwepo

Kazini walimwita Bwana Nukta. Alikuwa msomaji prufu katika kiwanda cha uchapaji cha serikali, kazi ambayo watu wengi hawajui kama ipo mpaka waelezwe, na wakishaelezwa hawaamini kwamba mtu analipwa kwa kuifanya. Kila sheria iliyopitishwa na wabunge, kabla haijasambazwa, ilipita kwanza mezani kwake. Aliisoma kwa sauti, neno kwa neno, na alama zote alizitamka: "Mtu yeyote mkato ambaye bila leseni mkato ataendesha biashara hiyo nukta." Mbele yake alikaa mwanamke mnene, miwani imefungwa kamba shingoni, kalamu nyekundu mkononi, akifuata kwenye karatasi iliyotoka mtamboni ili kuhakikisha kwamba kinachosomwa ndicho kilichopigwa chapa. Huyo aliitwa Mama Mkato, kwa sababu ukiruka mkato mmoja tu aligonga meza kwa kidole kama mtu anayebisha hodi.

Wawili hao walisomeana sheria tangu ujana wao. Walisomeana za ndoa, za mirathi, za viwanja, za kuku wagonjwa. Bwana Nukta alikuwa na sauti moja tu, isiyopanda wala kushuka, na kwa sauti hiyohiyo alisoma adhabu ya kifo na ushuru wa vitunguu. Mkewe, enzi za uhai wake, alikuwa akimtania: "Hivi, baba wa watoto, mimi ulinichumbia kwa mkato au kwa nukta?" Naye hujibu bila kucheka, "Kwa alama ya kuuliza." Mzaha wake ulikuwa huo mmoja, miaka nenda miaka rudi, na mke akauchekea kila mara kana kwamba ni mpya.

Alikuwa mtu mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele utatamani kumzaba kofi, na utakuwa na haki. Lakini ujue kwamba mtaani kwake hakuna aliyegombana na mwenye nyumba, au na jirani kuhusu mpaka wa kiwanja, ambaye hakupitia kwanza kibarazani kwake. "Kamuulize Bwana Nukta," watu walisema, na wakienda aliwatajia kifungu kwa namba yake, na wakifika mahakamani walikikuta palepale alipokitaja. Hakuwahi kukosea. Hata watoto wake walikua wakijua kwamba baba akisema "sheria inasema", mjadala umekwisha, na mkono unyooshwe kwenye sahani.

Watoto walikuwa wawili, wa kiume na wa kike. Jumapili mchana, mama akishaweka cherehani kando, wote wanne walikaa kwenye meza yenye kitambaa cha plastiki wakacheza karata, na dau lilikuwa njiti za kiberiti. Aliyewafundisha alikuwa baba, na aliyewashinda wote alikuwa yule wa kiume. Akiwa mdogo bado, miguu haifiki sakafuni, aliwahi kuweka karata zake chini na kusema, "Naacha. Baba ana ree."

"Umejuaje?" baba akauliza.

"Umeacha kupumua."

Mama alicheka mpaka njiti zikamwagika. Bwana Nukta naye alijivunia sana, ingawa kwa namna yake, yaani alinyamaza.

Kijana alipokua alikwenda chuo cha ufundi kusomea majokofu. Huko akakutana na poka ya mtandaoni, karata zilezile za nyumbani, ila meza iko ndani ya simu na wachezaji wametawanyika duniani kila mmoja na jina la kubandika. Akawa mzuri kuliko wenzake wote. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Alihesabu, alisubiri, na aliacha mapema alipoona hana kitu. Siku moja akaja nyumbani na taksi, na ndani ya taksi kulikuwa na cherehani ya umeme kwa ajili ya mama yake, ambaye maisha yake yote alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono.

"Umeipata wapi?" baba aliuliza.

"Karata, baba. Zilezile ulizonifundisha." Kijana alikuwa amesimama wima, uso umemng'aa. "Na nimefikiri nisimamishe masomo mwaka mmoja, nione nitafika wapi."

Sasa, sheria ya michezo ya kubahatisha iliyokuwepo wakati ule ilikuwa kali, lakini ilikuwa kongwe. Iliandikwa na watu waliojua kumbi, milango, meza za mbao na dadu. Ilikataza nyumba za kamari, ilikataza kuchezesha bila leseni, iliruhusu polisi kuvunja mlango. Kuhusu meza iliyo ndani ya simu ilikaa kimya, maana walioiandika hawakuwahi kuota simu ya namna hiyo. Na hakuna aliyelijua hilo kuliko Bwana Nukta. Alikuwa ameisoma kwa sauti yote, mwanzo hadi mwisho, ilipochapwa upya. Alijua pia kwamba jambo ambalo sheria imelinyamazia halijakatazwa. Ndilo somo la kwanza la kazi yake.

"Kuna ubaya gani, baba?" kijana alisema. "Nionyeshe basi kifungu kinachokataza."

Angeweza kumwambia: hakuna kifungu, mwanangu, ila mimi naogopa. Naogopa utaacha chuo, naogopa bahati itakugeuka. Maneno hayo yangetosha, na huenda yule kijana angemsikiliza. Lakini ulimi hauna mfupa, na mtu aliyezoea kushinda kwa kutaja namba hana silaha nyingine.

"Kifungu cha arobaini na moja," alisema, kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka. "Kucheza, kuchezesha, au kupokea faida yake. Jela miaka mitano."

Kifungu cha arobaini na moja kilihusu bahati nasibu za misaada na rangi ya tiketi zake.

"Hata kwenye simu?"

"Hata kwenye simu."

"Na hiyo cherehani?"

"Hiyo ni mali ya uhalifu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, tepu ya kupimia shingoni. "Kweli, baba wa watoto?" akauliza taratibu. "Kweli inakataza?"

"Kweli." Kisha, kwa kuwa uongo ukishaota mguu mmoja hutafuta wa pili, akamgeukia mwanawe. "Na kesho asubuhi jina lako nalipeleka kituo cha polisi mimi mwenyewe. Sitaki kesho keshokutwa niulizwe kwa nini msomaji wa sheria anaficha mhalifu nyumbani kwake."

Asubuhi kitanda cha kijana kilikutwa kimetandikwa, na mwenyewe hayupo. Alikuwa amevuka mpaka kwenda nchi jirani, akapata kazi ya kutengeneza majokofu ya mabucha na maduka ya dawa. Bwana Nukta hakupeleka jina popote. Hakuwahi hata kufikiria kulipeleka. Lilikuwa neno la hasira tu, na yeye alidhani kila mtu anajua kwamba ni neno la hasira.

Cherehani ya umeme mama aliifunika shuka na hakuigusa tena. Alirudi kwenye ile ya mkono. Jioni Bwana Nukta alikaa na gazeti lake akimsikia mkewe akizungusha, akipumzika, akijinyoosha bega, akizungusha tena, na alijua neno moja tu lingemruhusu afunue ile nyingine. Hakulisema. Kulisema ilikuwa ni kukiri mbele ya mke na watoto kwamba namba aliyoitaja haikuwa na kitu ndani yake, na kama moja ilikuwa ya uongo, basi je, zile nyingine zote?

Miaka ikapita, mke akaugua figo, akafariki. Kijana alipewa habari na dada yake. Hakuja. Siku ya mazishi Bwana Nukta alisimama kando ya kaburi akiangalia barabara mpaka watu wakaanza kumwonea haya, na udongo ulipoanza kumwagwa alisema moyoni mwake: mtoto wa kiume asiyemzika mama yake, huyo tena si wangu. Binti alipomuuliza kaka yake kwa simu, jibu lilikuwa "sikuweza", basi, akakata. Baba na binti wakalichukua kuwa ni kiburi. Na nyumba ikabaki na mzee mmoja na cherehani mbili.

Hapo ndipo angekaa mpaka kufa, kama isingekuwa redio. Wabunge walikuwa wameanza kuzungumzia sheria mpya ya michezo ya mtandaoni, na binti, ambaye sasa alikuwa na duka lake dogo la dawa na alikuja kumtazama baba kila akifunga, alicheka akiwa anaosha vikombe.

"Kumbe wanataka kuzima na ile ya kina kaka. Unakumbuka, baba? Alikuwa akijiita Kiberiti huko."

Alilisema kama mtu anayetaja mchezo wa utotoni, akaendelea na vikombe vyake. Hakuona kwamba baba ameweka gazeti chini.

Kesho yake Bwana Nukta alimpelekea fundi simu wa kona simu yake aiwekee meza ya poka. Fundi alimwangalia mara mbili.

"Wewe, mzee? Poka?"

"Ni utafiti."

"Wote huanza na utafiti, mzee wangu."

Alijiandikisha kwa jina la Mgeni. Kila Jumamosi asubuhi, akishakunywa chai, alivaa miwani na kuzunguka meza baada ya meza, kila mara akiweka dau la chini kabisa, akitafuta jina moja. Na siku moja akalikuta. Kwenye kiti kilichomkabili palikuwa na alama ndogo ya moto, na chini yake limeandikwa: Kiberiti.

"Karibu, Mgeni," yule akaandika pembeni, mahali pa mazungumzo. "Usiogope, hatuli watu."

Bwana Nukta alilaza simu kifudifudi, akaenda kunawa uso.

Tangu siku hiyo Jumamosi ikawa siku yake ya kuishi. Alikuwa mchezaji mbaya kwa makusudi. Aliwahi kuacha wafalme wawili mkononi ili Kiberiti achukue meza, akaona raha ya mtu aliyemtumia mwanawe kifurushi. "Mgeni una roho ya kuku," Kiberiti aliandika, na mzee akacheka peke yake sebuleni mpaka machozi yakamtoka. Alimchunguza. Kiberiti alikawia kila alipokuwa na karata nzuri, na mwanawe tangu utoto alikuwa hivyohivyo. Basi ni yeye. Ukweli ni kwamba kila mchezaji duniani hukawia akiwa na karata nzuri, lakini nenda kamwambie hivyo mtu aliyekaa miaka bila kumsikia mtoto wake.

Mara moja alithubutu kuuliza: "Wazazi wako wazima?"

Jibu lilikawia, kisha likaja: "Nina mama tu."

Aliyasoma maneno hayo kama anavyosoma prufu, mara ya pili, mara ya tatu. Nina mama tu. Aliyaelewa hivi: kwake yeye mama bado yu hai, na baba ndiye aliyekufa. Siku nzima hakula. Lakini hakukasirika; kwa mara ya kwanza alijiona amestahili. Akaamua kwamba atamwambia. Atamwandikia palepale mezani kwamba yeye ni baba yake, kwamba sheria haikuwahi kukataza, kwamba alimdanganya, na kwamba arudi nyumbani. Asipomwambia akiwa hai, mtoto atabaki na jina la mhalifu ambalo hakuna sheria iliyompa. Hilo lilianza kumkosesha raha kuliko upweke wenyewe.

Ila akijitambulisha, Kiberiti je, hatainuka mezani asirudi tena? Kwa hiyo akasema, wiki ijayo. Na wiki ijayo ilipofika akasema ijayo.

Kisha ile sheria mpya ikaletwa mezani kwao, imeshapitishwa na kutiwa saini, ili wao waisome. Ilikuwa asubuhi ya joto, feni inazunguka kwa kuchechemea, karatasi zimebanwa na vipande vya chuma vya mtambo wa zamani. Bwana Nukta akasoma.

"Mtu yeyote mkato atakayecheza kupitia chombo chochote cha kielektroniki mchezo wa karata kwa dau mkato uwe unaendeshwa ndani au nje ya nchi mkato atakuwa ametenda kosa..."

Mama Mkato aligonga meza.

"Nini?"

"Umeruka mkato. Umeruka miwili, tena mfululizo." Alivua miwani akamtazama. "Unaumwa? Sauti yako imepanda."

"Ni hili jicho," alisema. Na kweli jicho lake la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, alishapangiwa kufanyiwa upasuaji. "Tuendelee."

Wakaendelea mpaka kwenye kifungu cha kuanza kutumika. Kilisema sheria hii itaanza kutumika tarehe ambayo Waziri ataitangaza katika Gazeti la Serikali. Bwana Nukta alipumua. Mtu mwingine yeyote angesoma pale tishio. Yeye alisoma usingizi. Alizijua sheria za namna hiyo. Zinapitishwa kwa kelele, kisha zinalala kabatini zikimsubiri Waziri, na Waziri naye anasubiri kanuni, na kanuni zinasubiri kamati.

"Hii nayo italala," Mama Mkato alisema, akipiga mhuri. "Unakumbuka ile ya mizani ya sokoni? Ililala mpaka walioipitisha wakastaafu."

"Italala," alisema Bwana Nukta. Akajihesabia kwamba ana mwaka mzima wa Jumamosi, pengine zaidi.

Kwa hiyo hakuwa na haraka. Alianza kuyatengeneza yale maneno kama kazi ya ofisini. Je, "mimi ni baba yako" yatangulie, au "nilikudanganya"? Akiyatanguliza ya kwanza, mtoto anaweza kuondoka kabla ya kufika kwenye msamaha. Akiyatanguliza ya pili, yataonekana maneno ya mwendawazimu. Aliyapanga, akayapangua. Mtu aliyetumia maisha yake kurekebisha makosa ya wengine alishindwa kurekebisha lake lenye maneno machache hivyo.

Jumamosi moja aliyaandika yote, yakakamilika, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kutuma. Ghafla Kiberiti akaandika: "Mgeni leo unakawia. Una karata nzuri nini?"

Na mzee yule, Mungu amrehemu, akafurahi. Alifurahi kwamba anachunguzwa, anajulikana, anataniwa. Akataka Jumamosi moja zaidi ya namna hiyo kabla ya kuiharibu. Akafuta kila kitu, akajibu, "Njoo uone." Ngoja ngoja huumiza matumbo, aliusikia msemo huo tangu utotoni, na hakuwahi kudhani kwamba unamhusu.

Katikati ya wiki iliyofuata akaenda kufanyiwa upasuaji wa jicho. Walilifunga kwa pamba, wakamwambia asisome chochote kwa siku kadhaa. Akiwa nyumbani amelala chali, kazini kulifika toleo maalumu la Gazeti la Serikali, ukurasa mmoja, aya moja, na Mama Mkato akalisoma na mtu wa kuazima. Waziri alikuwa ametangaza. Tarehe ilikuwa ya siku ileile ya kuchapwa. Kati ya yote yaliyopita kwenye meza ile, aya hiyo ndiyo pekee ambayo Bwana Nukta hakuisoma.

Jumamosi alikunywa chai yake, akavaa miwani juu ya ile pamba, akafungua simu. Pakatokea ukurasa mweupe wenye maandishi: Huduma hii imezuiwa kwa mujibu wa sheria. Alizima, akawasha. Akatoka hivyohivyo, jicho limefungwa, mpaka kwa fundi simu. Akamkuta anafuta meza za poka kwenye simu za wateja, mikono inamwenda mbio.

"Futa na wewe, mzee," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Imeanza kazi jana."

"Haiwezekani. Inahitaji tangazo la Waziri."

"Limetoka, mzee wangu. Limetoka hukohuko kwenu."

Alisimama pale akishika kaunta. Kisha akafanya jambo ambalo angeweza kulifanya siku yoyote ya miaka ile yote: alikwenda kwa binti yake kuomba namba ya simu.

Duka la dawa lilikuwa na mteja mmoja anayenunua dawa ya kikohozi. Binti alipomaliza kumhudumia alimvuta baba yake kwenye chumba cha nyuma, kwenye maboksi ya drip na harufu ya spiriti.

"Baba, jicho limekuuma?"

"Nipigie kaka yako."

Binti alimwangalia. Neno hilo halikuwahi kutoka mdomoni kwa baba tangu mazishi. Alibonyeza, simu ikaita, akaifungulia sauti na kumwekea mzee mikononi.

"Dada? Kuna nini?"

"Ni mimi," alisema Bwana Nukta.

Upande wa pili kulisikika mtambo wa jokofu ukinguruma, kisha ukazimwa.

"Baba. Shikamoo."

"Marahaba." Aliyaendea yale maneno aliyoyapanga, akayakuta yametawanyika. "Nimepiga kwa sababu meza imefungwa. Sikutaka udhani nimekukimbia."

"Meza gani?"

"Ya karata. Ya Jumamosi. Mimi ndiye Mgeni."

"Mgeni yupi, baba? Sikuelewi."

"Kiberiti si ni wewe?"

Sasa sauti ya kijana ilikuwa nzito, sauti ya mwanamume mtu mzima ambayo mzee hakuwa amewahi kuisikia. "Mimi sijagusa karata tangu siku ile. Akaunti niliifunga usiku uleule, nikiwa stendi. Jina hilo atakuwa amelichukua mtu mwingine tu." Akaongeza: "Si ulisema kifungu cha arobaini na moja?"

Bwana Nukta aliketi juu ya boksi. Mwaka mzima alikuwa akimpa wafalme wake mtoto wa mwanamke mwingine, ambaye ana mama tu, na alisema ukweli. Lakini hilo halikupata hata nafasi ya kumuuma, kwa sababu swali jingine lilikuwa limeshatoka.

"Basi mbona hukuja kumzika mama yako?"

"Nilikuja."

Binti aliinua kichwa.

"Nilifika mpakani," kijana alisema. "Nilikaa kwenye benchi pale uhamiaji. Afisa alikuwa anaingiza majina kwenye kompyuta, kila mtu jina lake. Nikawaza, likiingizwa langu nitashikwa hapahapa, halafu baba aletewe habari msibani kwamba mwanawe kafungwa. Nikaona nisikuzidishie. Nikageuza."

"Ushikwe kwa lipi?"

"Si ulipeleka jina langu kituoni? Ulisema utalipeleka. Wewe husemi jambo halafu usilifanye, baba."

Mle ndani hapakuwa na pa kujificha. Palikuwa na maboksi, sinki, na binti yake aliyejiziba mdomo kwa mkono. Bwana Nukta aliinama karibu na simu.

"Hakikuwepo," alisema.

"Nini hakikuwepo?"

"Kifungu. Nilikitunga. Na jina sikulipeleka popote. Sheria haikukukataza, mwanangu, imekataza tangu jana tu. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa, na baadaye nikaona aibu."

Alingoja kutukanwa. Alikuwa tayari, tena alilitamani tusi, maana tusi lina mwisho. Halikuja. Zilisikika pumzi tu, zikiingia na kutoka, na mtu mwingine kule nyuma akiita fundi, fundi.

"Kwa hiyo ningeweza kuja," kijana alisema.

"Ungeweza."

"Kumzika."

"Ndiyo."

Kijana akauliza, na sauti yake nzito ilikuwa imekwisha, imebaki ile ya mtoto ambaye miguu yake haifiki sakafuni:

"Na mama alijua? Alijua kwamba mimi si mhalifu?"

Maisha yake yote mzee huyu alijibu maswali ya watu kwa kutaja namba. Hili halikuwa na namba. Binti alikuwa anamtazama, anangoja jibu hilohilo, na hapakuwa na uongo mdogo kiasi cha kupita pale.

"Hakujua," alisema. "Aliniuliza, nikamwambia kweli inakataza. Alikufa akiniamini mimi."

Kijana akakohoa, akasema polepole, kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mteja, "Naomba nimalizie kazi ya watu, baba. Nyama zitaharibika." Simu ikakatika.

Bwana Nukta aliendelea kuinama pale ilipokuwa sauti. Alimsubiri binti yake aseme kitu, chochote, au amwekee mkono begani kama alivyozoea kumfanyia tangu mama yake afe. Huko mbele mteja aligonga kioo cha kaunta. Binti aliichukua simu yake mikononi mwa baba, akaifuta kwa pindo la koti jeupe, akatoka kwenda kumhudumia, na alipopita mlangoni hakumwangalia.